Asilimia 10 ya nini?

SWALI: Asalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya wavuvi katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja. Tuna mwamba wa matumbawe wa hekta 40 hivi. Tumekubaliana usivuliwe kwa juya (wavu wa kukokota) wala kigumi (kuyapiga matumbawe ili samaki wakimbilie wavuni), na boti za watalii zinakuja kila siku kutoka mahotelini. Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja na ripoti yenye jalada la kung'aa. Anasema mwamba wetu una thamani ya dola 14,089,960 kwa mwaka kwa ajili ya utalii. Anataka tusaini mkataba wa miaka 15: yeye atashusha matumbawe ya saruji, atapandikiza mengine mapya, atauza utalii wa hapo, na sisi tutapata asilimia 10 ya thamani. Vijana wamefurahi, wazee wanasitasita. Je, hesabu yake ni sahihi? Na kama mwamba una thamani kubwa namna hiyo, mbona sisi hatuioni?

JIBU: Waalaykum salaam, Katibu. Nakushukuru kwa kuiandika namba yote mpaka tarakimu ya mwisho, kwa sababu tarakimu hizo ndizo zilizomuumbua. Nilichukua kikokotoo nikagawa 14,089,960 kwa hekta zenu 40. Ikatoka 352,249 kamili, bila masalio. Namba hiyo naijua kama ninavyoijua namba ya simu ya mama yangu. Yenu ni ripoti ya tatu kunifikia ikiwa na 352,249 tumboni, na zote tatu zilikuwa za miamba tofauti.

Inatoka wapi? Mwaka 2012 mtafiti Rudolf de Groot na wenzake walikusanya tafiti kutoka pande zote za dunia zilizokuwa zimejaribu kukadiria thamani ya mazingira ya asili: misitu, vinamasi, mito, bahari. Kwa matumbawe walipata makadirio 94. Wakatafuta wastani wa kila huduma ya mwamba, wakaijumlisha, ikawa dola 352,249 kwa hekta kwa mwaka. Ni kazi ya heshima na imetusaidia sana sisi tunaobishana na serikali kuhusu bajeti za hifadhi. Lakini elewa maana yake kwenu: bwana huyo hakuupima mwamba wenu. Hakuhesabu boti, hakumuuliza mtalii hata mmoja, na sidhani kama aliingia majini. Alipima ukubwa kwenye ramani, akazidisha. Angepewa mwamba uliokufa wote, wa hekta 40, angewaletea dola zilezile.

Hata wastani wenyewe una mtego. Jedwali lilelile linatoa pia namba ya katikati, isiyovutwa na makadirio makubwa mno, nayo ni dola 197,900 tu. Wastani umepaa kwa sababu ya sehemu chache zenye utalii mkubwa mno. Chukua wavuvi tisa wa dago (kambi ya wavuvi) moja na mwenye hoteli mmoja, utafute wastani wa mapato yao, kisha uende kwa mvuvi wa kwanza umwambie "wewe una kiasi hiki". Atakushangaa.

Tena amekwambia namba hiyo ni ya utalii. Si kweli. Ndani yake, karibu nusu ni kazi za kimya za mwamba, na kubwa kati ya hizo ni kuulinda ufukwe usiliwe na bahari. Kuna chakula, kuna mazalia ya samaki. Burudani na utalii ni kama dola 96,000 tu, robo na kidogo. Kwa hiyo hata angekuwa na haki ya kuzidisha, amezidisha namba isiyohusika.

Hayo yote bado ni makosa ya hesabu, na makosa ya hesabu hurekebishika. Linaloninyima subira ni jingine, nalo nalikuta kuanzia Mtwara mpaka Lamu: watu wanaamini kwamba thamani ya mwamba ni pesa iliyolala mahali fulani, na anayetakiwa ni mjuzi wa kwenda kuichukua. Ndiyo maana unaniuliza mbona hamuioni. Hamuioni kwa sababu sehemu kubwa ya thamani hiyo haijawahi kuwa pesa, na haitakuwa.

Mtalii analipa dola 40 kwenda kuogelea mwambani. Akiwa kule anaona kasa, anaona chewa chini ya jabali, anarudi na uso unaong'aa. Ukimuuliza angekubali kulipa ngapi ili aone tena, anakwambia 65. Zile 25 za juu wachumi wanaziandika kama thamani ya mwamba, na ni sahihi kuziandika, maana ni furaha ya kweli aliyoipata mtu. Lakini hakuna aliyezipokea. Zimebaki mfukoni mwa mtalii, amerudi nazo kwao. Vivyo hivyo ufukwe ambao haukumomonyoka, na changu aliyekulia mwambani akavuliwa na kijiji cha pili. Vyote vina thamani na hakuna hata kimoja kilichopita kwenye akaunti. De Groot na wenzake waliliandika hili wazi: sehemu kubwa ya thamani hiyo iko nje ya soko, na ni bora ichukuliwe kama faida ya umma isiyouzwa. Waandishi wa majalada ya kung'aa huwa hawafiki kwenye sentensi hiyo.

Sasa rudi kwenye mkataba wako. Asilimia 10 ya nini? Asilimia 10 ya thamani ambayo haiingii kwenye akaunti yoyote ni sifuri, na atakuwa hajavunja mkataba. Mtakapomdai atawaonyesha hesabu zake za benki, zitakuwa ndogo, naye atawaambia thamani ipo ila "bado haijapatikana". Mwaka wa tatu vijana wenu watakuwa wamechoka, na mwamba utakuwa umefungwa kwa jina lake kwa miaka 12 mingine.

Tufuate pesa ya kweli basi, ile ya kushikika. Chukua boti moja ya faiba yenye watalii 10. Namba hizi ni za mfano, wewe weka zenu. Kila mmoja amelipa dola 40 kwenye meza ya hoteli, jumla 400. Hoteli au wakala anakata 160. Zinabaki 240. Petroli ya injini, nahodha, mwongozaji, matunda, pweza wa chakula cha mchana na miwani inayopasuka kila wiki vinakula 200. Mwenye boti anabaki na 40, na humo anatakiwa aweke akiba ya injini mpya. Katika 400 hizo, mwamba umepata ngapi? Kama hakuna kiingilio, haukupata kitu. Wale vijana wenu wanaolala kwenye mtumbwi kuwafukuza wenye kigumi wamepata ngapi? Hakuna. Huo ndio ukweli mzima wa "mbona hatuioni". Utalii wa mwamba upo na unalipa, ila hakuna mlango mahali pesa inapopita.

Waliofanikiwa walianza na mlango. Bonaire, kisiwa kidogo cha Karibi, walitangaza hifadhi ya bahari mwaka 1979. Fedha za wafadhili zilipokwisha hifadhi ikalala, ikabaki kwenye makaratasi. Ilipofufuliwa, kuanzia 1992 kila mzamiaji alitozwa dola 10 kwa mwaka na kupewa kibandiko cha kuvaa. Walikuwepo waliotabiri kwamba wageni watakimbia. Hawakukimbia, na hifadhi ikaanza kujilipia doria na maboya yake yenyewe.

Na huna haja ya kwenda Karibi, vuka tu upande wa magharibi wa kisiwa chako. Mwamba wa kisiwa cha Chumbe ulifungwa kwa amri ya serikali mwaka 1994, ukawa hifadhi ya bahari. Hauvuliwi, nanga haishushwi juu ya matumbawe, na hata kuzamia kwa mitungi hakuruhusiwi kwa wageni. Ni kuogelea na miwani tu. Vibanda vya kulala ni saba, basi. Walinzi wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji jirani. Anayekuja kuuona mwamba anamlipa moja kwa moja anayeulinda, na kwa kuwa wageni ni wachache na bei si ya chini, mwamba hauchakai. Ukienda Wasini, ng'ambo ya Shimoni kule Kenya, utakuta kina mama wametengeneza njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe ya kale iliyoinuka juu ya maji. Mgeni anapita, analipa kiingilio, fedha inaingia kwenye kikundi. Hakuna aliyewaambia kina mama wale kwamba bustani yao ina thamani ya mamilioni mangapi. Walijenga njia, wakasimama mlangoni.

Swali ambalo mchumi wa kweli angewauliza ni hili: mwamba ukifa, nini kitabadilika? Baadhi ya wageni wa pwani ya mashariki hawaji kwa ajili ya matumbawe. Wanakuja kwa mchanga, kuteleza majini kwa tiara na harusi. Hao wataendelea kuja kwa muda, kwa hiyo huwezi kuhesabu chumba chao cha hoteli kama pesa ya mwamba. Lakini usiwaachie wenye hoteli waseme mwamba hauwahusu. Utafiti uliokusanya vipimo vya nchi nyingi, uliotolewa 2014, ulionyesha kwamba mwamba wa matumbawe unapunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97 kabla hayajafika ufukweni. Kwa lugha ya hoteli, huo ndio ukuta ambao hawajaujenga. Na mchanga mweupe wanaoutangaza, sehemu yake imetoka tumboni mwa samaki aitwaye pono: anakwangua mwamba, anasaga, anautoa nyuma kama unga. Wavuvi wako wamemwona mara ngapi. Mkikaa mezani na wenye hoteli, zungumzeni hayo kabla ya kuzungumza dola milioni 14 ambazo mhasibu wao atazifuta kwa dakika mbili.

Kuhusu matumbawe ya saruji, nitasema bila kuzunguka. Msikubali. Saruji ikishushwa juu ya mchanga mtupu, mahali palipopimwa, huweza kuvuta samaki. Lakini kuvuta si kuzalisha: mara nyingi ni samaki wa jirani waliohamia, na mkusanyiko ule unawarahisishia kazi wenye bunduki za kuvulia. Kuishusha penye mwamba hai ni kuuweka mwamba rehani. Huko Florida, Marekani, katika miaka ya 1970, walizamisha matairi ya gari yapatayo milioni mbili mbele ya Fort Lauderdale yawe mwamba mpya na kivutio cha wavuvi. Kamba zikakatika, matairi yakaanza kutembea na mawimbi, yakaenda kuuparuza mwamba wa asili uliokuwa jirani. Mpaka karne hii wazamiaji walikuwa bado wanayatoa moja moja.

Kupandikiza je? Matawi ya matumbawe hushika, nimeyaona yakishika, na wapo watu makini wanaofanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa. Tatizo ni kinachoyasubiri. Joto la bahari la mwaka 1998 liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi sana ya Bahari ya Hindi ya magharibi, likarudi 2016, likarudi tena 2024. Florida walipopigwa na joto la 2023 walilazimika kuyahamishia matumbawe ya vitaluni kwenye matangi nchi kavu, na mengi hawakuyawahi. Basi mtu anayekuahidi kupandikiza bila kukwambia nani atazuia kigumi, nanga na miguu ya wageni kwenye mwamba uliopo, anakuuzia miche ya shamba lisilo na uzio.

Nasema miguu ya wageni kwa sababu nimeikuta. Asubuhi moja ya maji kupwa nilikuwa upande huohuo wenu, nimevaa miwani, nikiangalia jabali la tumbawe la mviringo lililonizidi kimo. Aina ile hukua sentimita moja hivi kwa mwaka, kwa hiyo lilikuwa limeanza kabla babu ya babu yangu hajazaliwa. Mgeni alichoka kuogelea akapanda juu yake, akasimama, akarekebisha miwani yake kwa utulivu kabisa. Nyayo mbili za plastiki ziliacha alama nyeupe juu ya ngozi ya kahawia. Kisha boti ya pili ikafika, kijana akatupa nanga bila kutazama chini, ikaburuta karibu mita mbili kabla ya kunasa. Nilipomuuliza nahodha kwa nini hakufunga kwenye boya, akasema boya lilikatika tangu Ramadhani na hakuna anayejua nani wa kulirudisha.

Kwa kupanga idadi ya wageni mnaweza kuanza na waliyoyaona watafiti wa Bonaire: sehemu moja ya kuzamia ikipitisha mizamio 4,000 mpaka 6,000 kwa mwaka, uharibifu ulianza kuonekana. Kwenu wageni wengi huogelea juujuu, maji hayana kina, na wengi hawajui kuogelea vizuri. Mimi ningeweka kikomo cha chini zaidi.

Sasa niruhusu niwaambie na wengine wanaosoma, maana barua za namna hii zimekuwa nyingi. Imezuka biashara ya udalali wa bahari. Dalali hana boti wala mtungi, ana ripoti. Ripoti huanza na dola bilioni 36, ambazo ndizo utalii wa matumbawe unaingiza duniani kwa mwaka kwa makadirio ya utafiti wa 2017, kisha inashuka kwenye kijiji chenu kana kwamba bilioni hizo zimegawanywa sawasawa. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba ni asilimia 30 hivi tu ya miamba ya dunia inayoleta mapato ya utalii. Iliyobaki haina uwanja wa ndege karibu, wala hoteli, wala barabara. Ina kazi nyingine kubwa, ya kulisha watu, na kuilazimisha iwe kivutio ni kuwapotezea wavuvi muda.

Wengine siku hizi wanakuja na kaboni. Wanaviambia vijiji kwamba matumbawe "yananyonya hewa chafu" na kwamba vitalipwa kwa tani. Huo ni uongo. Tumbawe linapojenga mifupa yake ya chokaa, mjengo wenyewe unatoa kaboni dayoksaidi. Wanaolipwa kwa kaboni ya pwani, kama wanakijiji wa Ghuba ya Gazi kule Kenya walioanza mradi wao wa Mikoko Pamoja mwaka 2013, wanalipwa kwa mikoko. Mtu asiyejua tofauti ya mkoko na tumbawe msimpe kalamu, na anayeijua akanyamaza msimpe hata kiti.

Jingine, bahari si mali ya kamati kuikodisha kwa miaka 15, wala si mali ya huyo bwana kuipokea. Hakuna mkataba wa eneo la bahari unaopaswa kusainiwa chini ya mwembe bila idara ya serikali inayosimamia uvuvi na hifadhi za bahari kuukalia kikao, tena na sheha yupo. Kama mgeni wenu anawahimiza msaini kabla ya idara kujua, hilo peke yake linatosha kumrudishia ripoti yake.

Kwako wewe, Katibu, kazi iliyopo ni ya daftari. Chagua vijana wawili wanaoandika vizuri. Wakae ufukweni siku nne kila mwezi, mbili za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na mbili za maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), waandike kila boti: saa ya kuingia, saa ya kutoka, wageni wangapi, imefunga boya au imetupa nanga. Waulize manahodha, kwa upole, mgeni amelipa ngapi na wao wamepewa ngapi. Wengine watakataa, usiwalazimishe. Tenga daftari la pili la gharama zenu: mafuta ya doria, siku za walinzi, kamba za maboya. Anzeni mwezi wa saba wageni wanapojaa wakati wa kusi, mpitie kaskazi yote mpaka masika.

Mkifika hapo mtajua kiingilio cha kila kichwa kinachotosha kulipa doria na kubakiza cha kijiji, na mtakuwa na la kuwaonyesha idara na wenye hoteli. Makubaliano yoyote yataje kichwa cha mgeni na shilingi, yasitaje neno thamani popote. Nipigie picha kurasa za daftari unitumie, nitazipigia hesabu bila malipo. Na lile boya lililokatika, kama ni la kwenu, lirudisheni wiki hii.